Umepata bastola kompakti: wiki za kwanza zitumie hivi

Swali ninaloulizwa na karibu kila mtu aliyetoka kukabidhiwa bastola yake ya kwanza ni hili: "Mwalimu, twende renji lini?" Jibu langu huwaudhi wengi. Renji, yaani uwanja wa kulenga shabaha, itasubiri. Bastola mpya huanzia mezani, nyumbani, ikiwa tupu, na risasi zikiwa zimefungiwa chumba kingine. Mambo yatakayoamua kama silaha hii itakulinda au itakuletea msiba hujifunzwa hapo, kabla ya mlio wa kwanza.

Nitatumia Glock 19 kama mfano wa bastola kompakti, yaani iliyofupishwa, kwa sababu ndiyo ninayoiona zaidi viunoni mwa raia wenye leseni hapa Nairobi. Mtengenezaji wake ni kampuni ya Gaston Glock ya Austria. Jeshi la nchi hiyo lilichukua kakaye mkubwa, Glock 17, mwaka 1982, na mwaka 1988 ikatolewa hii fupi: mtutu wa milimita 102 badala ya 114, kitako kilichopunguzwa, magazini (kibebea risasi) ya risasi 15 za 9×19, yaani kipimo cha milimita 9 kwa 19. Ikijaa ina uzito wa karibu gramu 850. Kama yako ni ya kampuni nyingine, kama CZ au Beretta, kanuni ni zilezile, lakini vitufe na hatua za kuifungua hutofautiana. Soma kijitabu chake chote. Wengi hukiacha ndani ya boksi, na boksi likatupwa.

Kuna imani kwamba bastola ndogo ni rahisi, kwamba ni ya anayeanza, ya mama, ya mwenye mkono mdogo. Mimi sikubaliani nayo. Kadiri bastola inavyopungua uzito na kitako kinavyofupika, ndivyo teke lake, yaani msukumo wa nyuma inapolipuka, linavyozidi kuhisika na ndivyo unavyobaki na mahali pachache pa kushika. Kompakti ilipunguzwa ili ifichike chini ya koti. Gharama ya kufichika huko anailipa mpigaji, kwa mazoezi.

Sasa tukae mezani.

Jambo la kwanza ni kujua kuitoa risasi, na mpangilio wake haubadiliki hata siku moja. Elekeza mdomo wa bastola upande ambao hata risasi ikitoka haitamdhuru mtu: ukuta wa mawe au ndoo iliyojaa mchanga ulioshindiliwa, si ukuta wa mbao wala mabati. Risasi ya 9×19 hutoka ikiwa na mwendo wa karibu mita 350 kwa sekunde. Ukuta mwembamba wa chumbani hauizuii, na jirani yuko nyuma yake. Kidole kiwe juu, kimelala ubavuni mwa bastola, nje kabisa ya kifyatuo. Kisha toa magazini. Kisha vuta slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, nyuma kwa nguvu, mara mbili au tatu, uifunge ikiwa wazi. Kisha tazama kwa macho ndani ya chemba, pale risasi inapokaa tayari kulipuliwa, na uingize ncha ya kidole kidogo uhakikishe kwamba pamebaki shimo tupu.

Magazini kwanza, slaidi baadaye. Nasisitiza kwa sababu ajali nyingi za nyumbani huzaliwa na mpangilio uliogeuzwa. Mtu akikoki kwanza, yaani akivuta slaidi, risasi iliyokuwa chembani inaruka nje, anaiona mezani, anaridhika. Hajui kwamba slaidi iliporudi mbele ilichukua nyingine kutoka kwenye magazini na kuiingiza chembani. Halafu anatoa magazini, anaamini bastola ni tupu, na anabonyeza. Kauli ya "nilidhani haina kitu" imezika watu wengi katika dunia hii. Kwenye Glock, ile ndoano ya kutolea ganda hujitokeza kidogo ubavuni kukiwa na risasi chembani, na unaweza kuihisi kwa kidole hata gizani. Ichukue kama dalili ya ziada. Macho na kidole ndani ya chemba bado ndiyo ushahidi.

Ukabidhiwapo bastola na mtu yeyote, hata mimi, hata kama umemwona akiikagua sekunde moja iliyopita, ikague tena mbele yake. Hakuna anayepaswa kuona hilo kama dharau.

Kwa nini nimekaza hapa? Kwa sababu ya namna Glock inavyofunguliwa kwa usafi. Ili slaidi itoke, lazima kwanza ubonyeze kifyatuo. Ndivyo ilivyoundwa. Ukishahakikisha ni tupu, unaelekeza mdomo upande salama, unabonyeza, unasikia "ta!" ya pini ikigonga hewa. Kisha unarudisha slaidi nyuma milimita chache tu, unavuta chini vile vishikizo viwili vidogo vya pande zote mbili kwa wakati mmoja, na slaidi inateleza mbele hadi inatoka. Springi inatoka, mtutu unatoka. Basi, huna haja ya kufungua zaidi ya hapo. Kurudisha ni njia ileile kinyume. Rudia mpaka mikono izoee, lakini usiruhusu akili ilale, kwa kuwa ile hatua ya kubonyeza kifyatuo haisamehi uvivu wa kukagua.

Utakuta ndani ya slaidi mpya grisi yenye rangi ya shaba. Usiifute. Kiwanda kiliiweka makusudi isaidie vyuma kuzoeana, na itaondoka yenyewe kwa matumizi. Futa mtutu, weka tone moja moja la mafuta kwenye reli za slaidi, juu ya mtutu, na pale kifyatuo kinapogusana na vipande vyake upande wa nyuma kulia. Mafuta yakizidi hukusanya masizi na vumbi, na yakiingia kwenye tundu la pini ya kufyatulia huweza kuifanya bastola ikatae kulipua siku unayoihitaji. Ndugu zangu wa Mombasa, Lamu, Tanga na Unguja wanajua chumvi ya bahari inavyokula chuma. Slaidi ya Glock imetibiwa vizuri dhidi ya kutu, lakini springi za magazini, pini ndogo na maganda ya risasi hayana kinga hiyo, na jasho la kiunoni ni chumvi vilevile. Huko pwani ipanguse kila jioni uliyoivaa, na usiilaze ndani ya holsta (ala ya bastola) ya ngozi. Ngozi huhifadhi unyevu.

Glock 19 ya kawaida haina kitufe cha usalama cha kubonyeza kwa kidole gumba. Ina vizuizi vitatu vya ndani: kimoja juu ya kifyatuo chenyewe, kingine kinachofunga njia ya pini, na cha tatu kinachozuia isilipuke ikianguka. Vyote vitatu hufunguka kwa tendo moja, kifyatuo kikivutwa. Bastola haijui kama kilichokivuta ni kidole, ufunguo wa gari au kamba ya jaketi. Ndiyo maana nasema holsta ni sehemu ya silaha. Nunua ya plastiki ngumu iliyotengenezwa kwa modeli yako hasa, inayofunika kifyatuo chote na isiyobonyea. Akina dada wanaobeba kwenye mkoba, mkoba uwe na mfuko wake wa peke yake, wenye holsta ndani, usioshirikiana na funguo, kalamu wala rangi ya mdomo. Na wakati wa kuirudisha bastola kwenye holsta hakuna haraka yoyote duniani: inua shati, tazama, ingiza polepole.

Baada ya mezani yanakuja mazoezi makavu, yaani kubonyeza bila risasi. Glock huvumilia mazoezi haya, na unaweza kutumia risasi bandia za plastiki ili kuipunguzia pini kazi. Shika juu kabisa ya kitako, ngozi kati ya gumba na kidole cha shahada ikisukuma chini ya ule mkia wa nyuma, lakini isipande njia ya slaidi. Mkono wa pili ujaze nafasi iliyobaki, magumba yote mawili yakielekea mbele upande mmoja. Kifundo cha mkono kiwe imara, kwa sababu bastola nyepesi ikishikwa kwa ulegevu slaidi hukosa kitu cha kuegemea, na ganda hukwama mlangoni.

Wanafunzi hulaumu mtutu mfupi wanapokosa shabaha. Hebu tupige hesabu. Kati ya saiti (alama ya kulengea) ya nyuma na ya mbele ya Glock 19 kuna karibu milimita 153. Saiti ya mbele ikihama milimita 1, kwenye shabaha iliyo mita 10 risasi itahama karibu sentimita 6.5. Kwenye Glock 17, yenye milimita 165 hivi, itahama sentimita 6. Tofauti ni nusu sentimita. Kinachokupeleka chini kushoto, kama unatumia mkono wa kulia, ni kidole kinachonyakua kifyatuo na mkono unaojikunja kwa kungojea kishindo. Kwa hiyo kwenye mazoezi makavu tazama saiti ya mbele tu. Kifyatuo kivutwe kama unavyovuta uzi kwenye tundu la sindano, na saiti isitikisike pini inapogonga. Dakika chache kila siku zinazidi boksi zima la risasi mwisho wa mwezi.

Siku ya renji sasa. Hakikisha boksi na kitako cha ganda vinasema 9×19 au 9mm Luger. Kuna 9mm Makarov na kuna 9mm fupi. Si mali ya bastola hii. Masikio yafunikwe vizuri, ikiwezekana vizibo ndani na vifuniko juu, kwani mlio wa bastola ni karibu desibeli 160 na madhara ya kudumu huanza chini ya hapo. Miwani ni lazima. Maganda huruka yakiwa moto. Anza na risasi moja tu kwenye magazini, kisha mbili, ukiwa mita 5. Hakuna haja ya mita 25 siku hiyo.

Mambo mawili ya hatari niyaseme waziwazi. Ukibonyeza na usisikie mlipuko, weka mdomo kwenye shabaha na uhesabu hadi 30 kabla ya kugusa chochote, kwa sababu baruti inaweza kuchelewa. Na ukisikia mlio hafifu, teke halipo, simama hapohapo. Huenda risasi imekwama katikati ya mtutu, na itakayofuata itaupasua mkononi mwako. Toa magazini, fungua slaidi, mwite mkufunzi. Ukimaliza, nawa mikono na uso kwa sabuni na maji baridi kabla ya kula. Moshi wa risasi una madini yenye sumu ya risasi (lead), na nguo za renji zisichanganywe na za watoto.

Kubeba hadharani kuje mwisho, na mimi simruhusu mwanafunzi wangu abebe mpaka nimwone akiitoa na kuirudisha bastola bila kidole kugusa kifyatuo hata mara moja. Tangu shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, ambapo raia wenye leseni walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia kuokoa watu, wengi wameomba silaha wakiwa na picha ile kichwani. Ninaiheshimu nia hiyo. Lakini siku zako nyingi zitakuwa za foleni, sokoni, kanisani au msikitini, na silaha iliyofichwa isiyojulikana na mtu. Ukinywa, hata bia moja, bastola ibaki kwenye sefu.

Leseni itembee nawe. Kwa Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka cheti kiwe hai, na tangu ukaguzi upya wa wamiliki ulioanza mwishoni mwa 2018 anayekutwa na karatasi iliyokufa hana wa kumlaumu ila yeye mwenyewe. Walio Tanzania wasome Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Ukisimamishwa kwenye kizuizi usiku, zima injini, washa taa ya ndani, mikono juu ya usukani, na sema kwa utulivu kabla hujagusa chochote: "Habari za kazi, afande. Nina leseni ya silaha, na silaha iko kiunoni upande wa kulia. Nifanyeje?" Kisha fanya atakavyosema, taratibu.

Nyumbani, kama haipo mwilini mwako ipo kwenye sefu iliyofungwa kwa bolti ukutani au sakafuni. Droo ya kitanda, juu ya kabati, chini ya godoro: watoto wanapajua kuliko wewe. Huenda mkono wa mtoto mdogo usiwe na nguvu ya kukoki, lakini anaweza kukivuta kifyatuo kwa magumba yote mawili, huku mdomo ukielekea kifuani pake. Namba za sefu zisiwe tarehe ya kuzaliwa ya mtu wa nyumba hiyo. Dada wa kazi na wageni wasijue ilipo.

Na kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Mtu wa nyumbani, au wewe mwenyewe, akipita kwenye kipindi cha huzuni nzito, deni, talaka au msiba, silaha iondoke nyumbani kwa muda. Mawazo ya kujiua mara nyingi huja kwa kasi na kupita, na bastola haimpi mtu nafasi ya kubadili nia. Zungumza na kituo cha polisi au muuzaji mwenye leseni kuhusu utaratibu wa kuihifadhi, umwambie mkufunzi wako na mtu mmoja unayemwamini, na uichukue tena mambo yakitulia. Wanafunzi wangu wote nawaomba wamchague mtu huyo wiki ya kwanza kabisa, wakiwa na furaha ya bastola mpya, na wampe ruhusa ya kuwaambia, "Ndugu yangu, mwezi huu ipeleke."