Ng'ombe mnono naye huugua kifua kikuu

Wafugaji wengi hupima kifua kikuu kwa macho: ng'ombe akikohoa na kukonda, anao; akinenepa na kutoa maziwa, hana. Sivyo. Bakteria wa ugonjwa huu, Mycobacterium bovis, huweza kukaa mwilini miezi, hata miaka, bila dalili yoyote, huku manyoya yakimeremeta. Mara nyingi vinundu vyake huonekana machinjioni, kwenye tezi za kifuani, mnyama keshachinjwa.

Ndiyo maana kuna kipimo cha ngozi. Daktari wa mifugo hunyoa sehemu mbili shingoni, hupima unene wa ngozi, kisha huchoma tuberkulini, yaani protini za bakteria wa kifua kikuu: ya aina ya ng'ombe sehemu moja, ya aina ya ndege sehemu ya pili. Baada ya saa 72 hupima tena kuona ngozi imevimba kiasi gani. Hiyo ya ndege si pambo: bila kulinganisha, bakteria wengine wa jamii hiyo wangemsingizia ng'ombe mzima.

Nacho kipimo hukosea. Aliyeambukizwa wiki chache tu zilizopita huenda asivimbe. Aliyezidiwa kabisa vilevile, kwa kuwa kinga yake imechoka, na huyo ndiye hatari zaidi zizini. Kwa hiyo jibu safi la mara moja halitoshi. Kundi lenye maambukizi hupimwa tena, mara nyingi baada ya siku 60 hivi.