Mwalimu wa fizikia kwenye duka la chakula cha kuku

Nilifundisha fizikia sekondari miaka tisa kabla sijafungua duka la vyakula na dawa za mifugo hapa Morogoro. Wateja bado wananiita Mwalimu, na kwa cheo hicho kila ubishi unaozuka kwenye benchi la nje unaletwa kaunta niukate. Wiki hii peke yake nimeletewa kuku, bata, vidonda vya tumbo, risasi na barafu. Nayaandika yote hapa ili siku nyingine nikiulizwa nimtumie mtu kiungo, nami niendelee kupima pumba.

“Broila wanachomwa sindano ya homoni”

Hili ni la kila siku. Mama mmoja alilipia chakula cha vifaranga, akainamia kaunta, akaninong'oneza: “Mwalimu, na ile sindano ya kuwanenepesha unayo?” Sina. Homoni ya ukuaji ni protini. Ukiichanganya kwenye chakula, tumbo la kuku litaimeng'enya kama linavyomeng'enya dagaa. Ukitaka ifanye kazi itabidi umchome kuku mmoja mmoja, tena na tena, kwa sababu haikai kwenye damu. Mwenye kuku 500 atachoma tangu asubuhi hadi usiku, na bei ya dawa itamshinda hata bei ya kuku.

Basi ile nyama inatoka wapi? Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, kina koo za kuku wa nyama wa zamani zilizotunzwa bila kuboreshwa: ukoo mmoja ni wa 1957, mwingine wa 1978. Watafiti wakawalea pamoja na broila wa 2005, wote kwa chakula cha aina moja. Siku ya 56 wakawaweka kwenye mizani. Kuku wa 1957 alikuwa na gramu 905. Wa 1978, gramu 1,808. Wa 2005, gramu 4,202. Matokeo hayo yalichapishwa 2014, na mimi nimeyaandika kwa kalamu nene juu ya kipande cha boksi nyuma ya kaunta. Chakula kimoja, umri mmoja, kuku mmoja ana uzito wa mara nne na zaidi. Kilichobadilika ni damu: vizazi na vizazi vya kuchagua jogoo na tetea wanaokua upesi. Gharama yake ipo, miguu inayolemewa na mwili na moyo unaochoka mapema, lakini homoni haimo.

Ila sindano yenyewe jirani yako ameiona kweli. Chanjo ya ndui ya kuku hutolewa kwa sindano ya ncha mbili, unatoboa ngozi nyembamba ya bawa. Mtu akichungulia kwa juu ya ukuta akakuona umeshika bawa na sindano, kesho mtaa mzima unajua.

Kinachonisumbua mimi ni antibayotiki. Mfugaji anampa kuku dawa leo, kesho anamwuza, wakati pakiti imeandikwa siku za kusubiri. Kuna wanaoichanganya kwenye maji kila wiki “kwa usalama”. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo kuanzia Januari 2006, si kwa sababu ya homoni wala nini, bali kwa sababu bakteria wanaozoea dawa bandani wanatufuata hadi wodini. Hili la usugu nitalirudia nikifika kwenye tumbo.

“Mahindi yenye ukungu? Wape kuku, wao hawadhuriki”

Hapa naomba tukae kidogo.

Mwaka 1960 bata mzinga walianza kufa Uingereza kwa maelfu. Hakuna aliyejua kinachowaua, kwa hiyo ukaitwa Ugonjwa X. Walikufa zaidi ya 100,000. Hakikupatikana kirusi wala bakteria. Mwisho wa msako wakafika kwenye mfuko wa chakula: mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil, yaliyoota kuvu aitwaye Aspergillus flavus. Jina la sumu yenyewe, aflatoksini, limeungwa kutokana na jina la kuvu huyo. Sisi tunaiita sumukuvu.

Kuku anaivumilia kuliko bata, na hapo ndipo uongo unapopata miguu. Unampa mahindi ya kijani-kijani, kesho yuko hai, unasema “si unaona?” Huoni ini lake. Huoni kwamba mayai yamepungua, kwamba chanjo uliyomchanja haikushika sawasawa kwa sababu kinga imedhoofika. Mfugaji anakuja kwangu kulalamikia chanjo mbovu, nami namuuliza amewalisha nini. Ukimpa ng'ombe wa maziwa ni vibaya zaidi: ndani ya siku moja au mbili sehemu ya sumu hiyo, ikiwa imebadilika umbo kidogo, iko kwenye maziwa anayokunywa mtoto.

Ukipika hutaiondoa. Sufuria ya ugali inachezea nyuzi 100, na sumukuvu inahimili zaidi ya 200. Kuosha na kuanika tena kunaondoa ukungu unaoonekana, sumu iliyokwishaingia kwenye punje inabaki. Kukoboa kunasaidia kweli, kwa sababu sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini. Lakini fikiri: ganda na kiini vinakwenda wapi? Vinakuwa pumba. Na pumba ananunua nani? Mimi, niwauzie nyinyi. Ndiyo maana siku hizi nikienda mashineni natumbukiza mkono hadi kiwiko ndani ya gunia. Pumba zikiwa na joto na zimeshikana mabonge, narudi na fedha yangu. Mkono hauwezi kuthibitisha kuwa gunia ni salama, maana sumu haina rangi wala harufu. Unaweza tu kulikataa lililo wazi kabisa kuwa limeharibika.

Na wanaosema haya ni maneno ya wazungu na bata wao, wakumbuke Kitui na Makueni, Kenya, mwaka 2004. Mahindi ya nyumbani, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Wagonjwa 317, waliokufa 125. Kiwango kilichokubaliwa Afrika Mashariki leo ni sehemu 10 kwa kila bilioni. Kwenye baadhi ya mahindi ya mwaka ule zilipimwa zaidi ya 4,000.

(Kiini cha yai cheupe, kwa kuwa najua mtauliza: ni rangi tu ya chakula. Mahindi yetu ni meupe, kwa hiyo kiini kinapauka. Mwongezee kuku mchicha au mahindi ya njano, baada ya wiki chache utapata kiini cha dhahabu. Protini ni ileile.)

“Vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo na pilipili”

Hata madaktari waliamini hivyo kwa miaka mingi. Kisha huko Perth, Australia, mtaalamu wa kuchunguza vipande vya nyama za mwili, Robin Warren, akawa anaona vijidudu vilivyojipinda kwenye ngozi ya ndani ya matumbo ya wagonjwa. Wenzake walisema hakuna bakteria anayeishi kwenye tindikali. Akaungana na daktari kijana, Barry Marshall, wakajaribu kuviotesha maabara. Havikuota. Walikuwa wakivitupa vyombo baada ya siku mbili, kama ilivyokuwa desturi. Pasaka ya 1982 vyombo vikaachwa muda wote wa sikukuu, na watu waliporudi kazini wakakuta vimeota. Vilihitaji muda tu.

Marshall hakupata wa kumsadiki, basi mwaka 1984 akakoroga mchuzi wa vijidudu hivyo, akaunywa. Baada ya siku chache akaanza kutapika na kunuka mdomo, na kamera ilipoingizwa ikaonyesha tumbo limevimba kwa ndani. Si kwamba alipata kidonda. Alipata uvimbe unaotangulia kidonda, na hilo lilitosha. Nobel wakaipata 2005, yeye na Warren. Kijidudu kinaitwa Helicobacter pylori, na karibu nusu ya watu duniani wamekuwa nacho, wengi bila kuugua.

Kwa hiyo vidonda hivyo vina dawa ya kuvimaliza: antibayotiki mbili pamoja na ya kupunguza tindikali, mara nyingi kwa siku 14, baada ya kupimwa. Siyo maziwa. Maziwa yanatuliza dakika chache halafu yanachochea tindikali zaidi. Pilipili inawasha kidonda, haikichimbi. Mchimbaji wa pili, ambaye watu hawamshuku, ni vidonge vya maumivu: diklofenaki, ibuprofeni, aspirini. Fundi wangu wa mabanda alikuwa anameza diklofenaki mbili kila jioni kwa ajili ya mgongo, huku ameacha pilipili na maharage kwa ajili ya tumbo.

Na ule usugu ndio huu. Dawa zinazotumika kumwua kijidudu hiki zinazidi kushindwa sehemu nyingi za dunia, kwa kuwa tumezoea kununua vidonge vinne vya metronidazoli, moja ya antibayotiki hizo, kila tumbo likinguruma.

“Risasi inamrusha mtu nyuma, ya hewani haina madhara”

Vijana wa bodaboda, baada ya sinema. Hesabu hii ni ya kidato cha tatu, na niliifanya kwenye vumbi kwa kijiti. Risasi ya AK-47 ina gramu zipatazo 8, inatoka kwa mita kama 715 kwa sekunde. Geuza gramu ziwe kilo, zidisha: 5.7. Mpe mtu wa kilo 70 msukumo huo wote, yaani gawanya kwa 70: atasogea kwa sentimita 8 kwa sekunde. Mwendo wa kobe. Aliyepigwa huanguka chini kama gunia, harushwi dirishani, na kama risasi ingekuwa na nguvu ya kumrusha, ingemrusha na mpigaji pia.

Ile ya kupiga hewani kwenye harusi na ushindi wa mpira si ya kuchekea. Ni kweli risasi iliyopanda wima hurudi polepole kuliko ilivyokwenda, hewa huizuia. Mwanajeshi wa Marekani, Hatcher, alijaribu jambo hili Florida yapata 1920 na kukuta inashuka kwa mita kama 90 kwa sekunde. Hiyo inatosha kupasua ngozi na hata fuvu. Na nani anapiga wima kabisa akiwa anacheza ngoma? Ikipigwa kwa kulala kidogo, inabaki na kasi kubwa zaidi. Hospitali moja ya Los Angeles ilihesabu majeruhi 118 wa risasi zilizodondoka kati ya 1985 na 1992. Walikufa 38.

Na fulana “isiyopenya risasi”? Kevlar, uzi aliougundua Stephanie Kwolek mwaka 1965, unazuia bastola. Risasi ya bunduki ya vita inaupita, mpaka uongeze bamba gumu. Twende.

“Maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi”

Hili nimeliacha nyuma kwa sababu lina aibu yangu. Nikiwa mwalimu, mwanafunzi aliniuliza kama ni kweli. Nikamjibu mbele ya darasa kwamba akasome sheria za joto. Darasa likacheka.

Sikujua kwamba nilikuwa nikirudia tukio lenyewe. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, kidato cha tatu shule ya Magamba, Lushoto, aliweka maziwa ya aiskrimu kwenye jokofu yakiwa bado moto, kwa kugombania nafasi, yakaganda kabla ya yaliyopozwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, mwalimu wake alimwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba. Akaja mgeni, Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akamuuliza, wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi akajaribu, na 1969 wakachapisha pamoja.

Sasa wengine wamegeukia upande wa pili, wanaisema kama sheria: moto hushinda. Hapana. Mwaka 2016 Burridge na Linden, watafiti wa Uingereza, walirudia majaribio kwa uangalifu wasiione, na wakaonyesha kuwa kusogeza kipimajoto sentimita moja tu kunaweza kukupa mshindi wa uongo. Mwaka 2020 watafiti wa Simon Fraser, Kanada, wakaiona wazi, lakini kwa chembe ndogo ya kioo ndani ya maji, siyo kwa maji yenyewe. Ubishi upo mezani bado.

Nyuma ya duka nina friza la kugandishia barafu za kubebea chanjo. Nimejaribu mara tano, vikombe viwili sawa, kimoja cha bombani, kimoja cha birika. Baridi imeshinda mara nne. Ile ya tano moto ulitangulia, na nikaja kugundua kikombe chake kilikuwa kimekaa juu ya ganda la theluji lililoyeyuka na kugandia chini, kimeshikamana na bomba la ubaridi.

Nilikuwa bado nimekikodolea macho mteja alipoingia kutaka chanjo ya kideri na kipande cha barafu. Nikampa hicho hicho.