Leza na tatuu isiyotakiwa tena: kinachotokea ndani ya ngozi

Wengi wanaofika kwa daktari wa ngozi wakitaka kuondolewa tatuu huanza na swali lilelile: je, inafutika kwa siku moja? Neno kufuta lenyewe ndilo linalopotosha, kwa kuwa humfanya mtu aione leza kama kifutio kinachopita juu ya maandishi ya penseli. Leza haifuti wino. Kazi yake ni kuuvunjavunja, na kazi ya kuuondoa huachiwa mwili wa mwenye tatuu, ambao huifanya kwa mwendo wake, wiki baada ya wiki. Asiyelielewa jambo hili mapema hukata tamaa katika ziara ya tatu, au huangukia mikononi mwa anayemwahidi miujiza.

Sindano ya mchoraji hupenya tabaka la juu la ngozi na kuuacha wino katika tabaka la pili, liitwalo demisi, katika kina cha takriban milimita 1 hadi 2. Tabaka la juu hujibadilisha kila baada ya wiki chache, na kama wino ungeishia humo ungepukutika pamoja na seli zilizokufa, lakini demisi haipukutiki. Seli za kinga ziitwazo makrofaji huumeza wino kama zinavyomeza vijidudu, lakini kwa kuwa haziwezi kuusaga, hukaa nao tu. Zamani ilidhaniwa kwamba seli hizo huishi miaka yote pamoja na mzigo wao. Utafiti uliofanywa kwa panya na wanasayansi wa Marseille, Ufaransa, na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha vingine: seli hufa, wino ukaachwa wazi, na seli changa zikaudaka palepale. Tatuu ya miaka ishirini, kwa hiyo, huenda imekwisha kurithishwa mara kadhaa bila mwenyewe kujua.

Leza ya kwanza iliundwa na Theodore Maiman mwaka 1960, na haikuchukua muda daktari wa ngozi wa Marekani, Leon Goldman, akaanza kuijaribu kwenye tatuu. Ila maelezo ya namna ya kuupiga wino bila kuiunguza ngozi yalikuja mwaka 1983, pale Rox Anderson na John Parrish walipoeleza kanuni ambayo bado ndiyo msingi wa kazi yetu. Kila rangi hunyonya zaidi mwanga wa urefu fulani wa wimbi. Na mwanga huo ukitolewa kwa mpigo mfupi kuliko muda ambao kitu chenye rangi hiyo huhitaji ili kupoa, joto hubaki ndani yake na jirani zake wakasalimika. Chembe za wino ni ndogo mno, hivyo mpigo unaozifaa hupimwa kwa nanosekunde, yaani sehemu za bilioni za sekunde, au kwa pikosekunde, ambazo ni fupi mara elfu zaidi. Chembe hupata moto ghafla na kupasuka. Vipande huchukuliwa na seli na mishipa ya limfu, na baadhi huishia kwenye matoki, ambako madaktari wa upasuaji wakati mwingine huvikuta vikiwa na rangi ileile ya tatuu.

Kwa mwenye ngozi nyeusi, suala zito liko mahali pengine. Melanini, ambayo ndiyo rangi ya asili ya ngozi, imekaa juu ya wino, kwa hiyo mwanga hukutana nayo kwanza. Mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 532 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), unaotumika kwa wino mwekundu, hunyonywa sana na melanini; ule wa 694 na wa 755, unaotumika kwa kijani na buluu, nao hunyonywa kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Mwanga wa nanomita 1064, unaotolewa na leza iitwayo Nd:YAG, hupita kwenye melanini bila kuigusa sana na kwenda kuufikia wino mweusi chini yake. Hii ndiyo sababu ngozi nyeusi yenye tatuu nyeusi inaweza kutibiwa vizuri, ilhali ngozi hiyohiyo yenye tatuu ya kijani humtaka daktari atafakari mara mbili. Kosa la kuchagua mwanga usiofaa, au nguvu iliyopita kiasi, huacha madoa meupe, madoa meusi zaidi ya ngozi, au keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua, kwa mtu mwenye mwelekeo huo. Madoa meusi mara nyingi hufifia baada ya miezi. Meupe hukaa muda mrefu zaidi na mengine hayaondoki. Mimi humshauri mgonjwa aulize urefu wa wimbi kabla ya kuuliza bei, na akubali sehemu ndogo ijaribiwe kwanza na kuachwa wiki kadhaa. Mashine za mwanga mkali zinazotumika kuondolea nywele hazifai kabisa: mpigo wake ni wa milisekunde, mrefu kiasi cha kuunguza ngozi inayouzunguka wino.

Kikao chenyewe ni kifupi. Sehemu husafishwa na kupakwa krimu ya ganzi, au hupigwa sindano ya ganzi ikiwa ni kubwa, kisha kila aliyemo chumbani huvaa miwani ya kinga inayolingana na leza iliyopo, maana mng'ao mmoja unaweza kuharibu jicho moja kwa moja. Mpigo husikika kama kidole kinachodonoa kwa haraka, na wagonjwa husema maumivu yake ni ya mpira unaovutwa na kuachiwa juu ya ngozi. Papo hapo mistari ya tatuu hugeuka myeupe kama iliyomwagiwa unga. Weupe huo ni viputo vya gesi vilivyoletwa na joto, na huisha baada ya dakika 20 hivi. Mgonjwa asiyeambiwa hudhani wino umekwisha, na hurudi nyumbani kwa furaha isiyodumu hadi jioni.

Idadi ya vikao haitabiriki kwa hakika. Utafiti wa watu 352 uliofanywa nchini Italia na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba baada ya vikao 10 asilimia 47 walikuwa wamefanikiwa, na baada ya 15 asilimia 75. Waliovuta sigara walifanikiwa mara chache zaidi kwa kiasi kikubwa. Tatuu za miguuni hufifia polepole kuliko za karibu na kifua, kwa kuwa damu na limfu huko husafiri kwa uzito; nyeusi hutoka kwa urahisi zaidi kuliko kijani au njano; na zilizochorwa kienyeji kwa wino mchache hutangulia kuondoka kuliko za fundi aliyeshindilia rangi. Kati ya kikao na kikao huachwa wiki 6 hadi 8 au zaidi. Anayetaka kuharakisha hupiga ngozi ambayo bado inapona, wakati ambapo mwili haujamaliza kubeba vipande vya mara iliyopita.

Nizungumzie kando wanja na rangi za midomo zinazochorwa kwa kudumu. Rangi nyeupe, za waridi na za ngozi mara nyingi zina oksidi za chuma au za titani, ambazo zikipigwa leza hubadilika kikemikali na kuwa nyeusi mara moja. Mtu aliyekuja kuondoa wanja wa kahawia hafifu anaweza kujitazama kwenye kioo akakuta mstari mweusi ti, na ikaanza safari mpya ya matibabu. Kwa tatuu za aina hii jaribio la sehemu iliyojificha si hiari. Tatuu nyekundu inayowasha au kuvimba nayo isipigwe kwa papara, kwa sababu kuzitawanya chembe zake kunaweza kueneza mzio mwili mzima.

Daktari aelezwe dawa zote zinazotumika. Mtu aliyewahi kutibiwa ugonjwa wa viungo kwa chumvi za dhahabu anaweza kugeuka rangi ya kijivu-buluu mahali anapopigwa, hata kama ni miaka mingi imepita. Mwenye ujauzito husubiri ajifungue. Na tatuu iliyochorwa juu ya baka au alama ya asili ya ngozi ichunguzwe kwanza, kwani leza inaweza kuficha dalili za mwanzo za saratani.

Krimu zinazouzwa kwa madai ya kuyeyusha tatuu hazifiki demisi, na zile zenye asidi kali hufika kwa kuunguza njia nzima. Kusugua kwa chumvi hadi ngozi ichubuke ni mbinu ya kale, ambayo mabaki yake ni kovu badala ya tatuu.

Baada ya kikao sehemu hupakwa mafuta ya mgando na kufungwa bandeji safi. Malengelenge yakitokea yasitobolewe. Jua liepukwe kabla na baada ya matibabu, kwa kuwa ngozi iliyochomwa na jua huwa na melanini nyingi zaidi, na ndiyo inayotuletea madoa.

Wino ukiisha, wakati mwingine hubaki mchoro ulioinuka kidogo unaohisika kwa kidole. Hilo ni kovu la sindano ya mchoraji, lililokuwa limefunikwa na rangi tangu siku ya kwanza, na leza ya wino haina la kulifanya.