Kuruka papa: siku tamthilia inapoanza kuchuja

Pale Mwanga, mjini Kigoma, kuna kijana anayetuwekea tamthilia kwenye flashi. Ukimwomba msimu wa nne wa kitu fulani, anaweza kukutazama kwa huruma: "Kaka, ile imeshachuja. Ishia wa tatu." Kuchuja ni neno la nguo. Kitenge kinafuliwa na kufuliwa mpaka rangi inakwenda na maji, na huwezi kusema ni fuo gani lililoimaliza.

Wamarekani nao wana msemo wao, ila wao wanataka kuitaja siku yenyewe. Husema tamthilia "imeruka papa", yaani kuanzia tukio fulani ilishuka na haikupanda tena. Msemo ulitoka kwenye Happy Days, tamthilia ya vichekesho. Katika sehemu iliyorushwa tarehe 20 Septemba 1977, mwanzoni mwa msimu wa tano, Fonzie, mjanja wa mtaa aliyeigizwa na Henry Winkler, anavutwa na boti akiteleza juu ya maji, chini kaptula ya kuogelea, juu koti lake la ngozi, na anamruka papa. (Ziwa Tanganyika halina papa. Msemo ungezaliwa Ujiji, ndugu yetu angeruka mamba.) Mwaka 1985, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan walikuwa wakibishana tamthilia walizozipenda ziliharibikia wapi. Mmoja wao, Sean Connolly, akasema Happy Days iliisha Fonzie aliporuka papa. Jon Hein, aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja, akaushika msemo huo na mwaka 1997 akaufungulia tovuti.

Happy Days yenyewe haikufa siku ile. Iliendelea hadi 1984, na mwandishi wa sehemu hiyo, Fred Fox Jr., amewahi kuitetea akikumbusha kwamba ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 30.

Ingawa msemo ulizaliwa kwenye vichekesho, wanaoumia zaidi ni wapenzi wa tamthilia za bunilizi ya kisayansi. Hizi huweka sheria zake mapema: chombo hiki kina kasi hii na si zaidi, mlango huu wa wakati unafunguka mara moja tu, aliyekufa amekufa. Mtazamaji anaumeza uongo mmoja mkubwa kwa sharti kwamba hataongezewa mingine kila wiki. Mwandishi akikwama, anaanza kukopa. Adui tuliyemzika msimu wa pili anarudi, eti ni pacha wake kutoka ulimwengu mwingine. Steringi anagundua nguvu mpya dakika ile ile anayoihitaji. Zamani kwenye vibanda umiza tuliimba "steringi hafi" na tukafurahi, lakini huyo alikuwa mmoja. Wakishakuwa wote hawafi, unamhofia nani?

Hata hivyo, naona papa huwa anasingiziwa. Chukua Star Trek ya kwanza. Msimu wa tatu ulifunguliwa tarehe 20 Septemba 1968 (ndiyo, tarehe ya Fonzie, miaka tisa kabla) kwa kisa cha Spock, mmoja wa mashujaa wa chombo chao cha angani, kuibiwa ubongo na wenzake kuusaka angani. Watu wanakicheka mpaka leo. Lakini kabla ubongo haujaibiwa, bajeti ilikuwa imeshakatwa na kituo kimeihamishia Ijumaa saa nne usiku, saa ambayo vijana walioipenda walikuwa matembezini. Ilifutwa 1969. Heroes, iliyoanza kwa kishindo mwaka 2006, ilikumbwa na mgomo wa waandishi wa Marekani wa Novemba 2007 hadi Februari 2008, na msimu wake wa pili ukakatikia sehemu ya 11. The X-Files ilibaki hewani hadi 2002, ingawa David Duchovny, nusu ya wapelelezi wake wawili, alipunguza ushiriki wake baada ya msimu wa saba.

Waandishi wa Lost walipata mapema kitu ambacho wengi hunyimwa: mwaka 2007 walikubaliana na kituo kwamba hadithi itaisha 2010. Mwisho wake unabishaniwa bado, lakini angalau walijua wamebakiwa na safari ya urefu gani. Asiyejua hubaki kuzungusha abiria.

Kinyume cha kuruka papa ni "kufuga ndevu". Star Trek: The Next Generation ilianza kwa kusuasua mwaka 1987, msimu wa pili Riker, msaidizi wa nahodha wa chombo, akatokea na ndevu, na tamthilia nayo ikaanza kukomaa mpaka ikafika misimu saba. Ndevu hazikuandika hadithi, bila shaka. Zilionekana tu, kama papa alivyoonekana.

Kwa hiyo sehemu moja mbovu haitoshi kumwita papa, na wakati mwingine aliyechuja ni mtazamaji. Niliyoiona nikiwa na miaka 14, kwenye benchi, jasho likinitiririka, nikiirudia leo sebuleni naikuta ilikuwa hivi hivi tangu mwanzo.

Kijana wa Mwanga hana habari na tarehe. Yeye anaangalia wanaorudi. Waliochukua msimu wa tatu wakaja kuuliza wa nne walikuwa wengi, anasema. Waliorudi kuuliza wa tano anawajua kwa majina.