Dizeli, gia otomatiki na lile tangi lenye kifuniko cha buluu

Siku hizi Prado za dizeli za 2.8 kutoka Japani zimejaa mjini, na wenye nazo wananiuliza swali lile lile: taa ya AdBlue (kimiminika cha kusafisha moshi wa dizeli) imewaka, gari litanizimikia njiani? Halizimiki. Magari mengi yenye mfumo huu huanza kukuonya ukiwa bado na kilomita elfu moja au mbili mbele yako, kisha yanahesabu kushuka. Hata ikifika sifuri ukiwa barabarani, utaendelea na safari. Kasheshe ni pale utakapozima injini, maana halitawaka tena mpaka uongeze.

AdBlue haiingii kwenye injini na haichanganywi na dizeli. Ni urea asilimia 32.5, na kinachobaki ni maji yaliyotolewa madini yote. Ina pampu yake na nozeli yake inayoipulizia ndani ya ekzosi. Joto la moshi linaigeuza kuwa amonia, na amonia hiyo ikikutana na gesi chafu za nitrojeni kwenye katalisti (kisafishio cha moshi kilichomo kwenye ekzosi), kinachotoka nyuma ni nitrojeni ya kawaida na mvuke wa maji.

Mwenye Mazda CX-5 ya dizeli kutoka Japani, usihangaike kutafuta tangi. Hiyo injini ya 2.2 ilibuniwa na mgandamizo mdogo ili isihitaji urea. Chujio la masizi unalo, kwa hiyo habari ya uendeshaji huko chini inakuhusu.

Adui mkubwa wa AdBlue huku kwetu Dar ni joto. Ikihifadhiwa kwenye nyuzi 25 inakaa mwaka mmoja na nusu. Kwenye nyuzi 30 ni mwaka mmoja, na kwenye 35 ni miezi sita tu. Sasa fikiria galoni iliyokaa dukani nje juani, chini ya bati. Kabla ya kulipa, soma tarehe ya kutengenezwa na utafute maandishi ISO 22241, yaani kiwango cha kimataifa cha AdBlue. Galoni inayokosa hata kimoja kati ya hivyo iache hapo hapo, hata kama bei inavutia. Usinunue nyingi za kuweka akiba pia, kwa sababu gari dogo linatumia takriban lita moja kwa kilomita elfu, zaidi kidogo likibeba mzigo. Wanaotuuliza habari ya kuganda ni ndugu zetu walioko Kanada: inaganda kwenye nyuzi 11 chini ya sifuri, na magari ya huko yana hita ndani ya tangi.

Halafu kuna wajanja wanaokoroga mbolea ya urea na maji ya bomba. Jamani, hapana! Mbolea ina uchafu usiouona kwa macho, na maji ya bomba yana chokaa. Nozeli inaziba, katalisti inapakwa utando, na gharama yake utaijua ukiuliza bei ya katalisti mpya.

Sasa gia. Otomatiki inapenda ulaini: ukiweka D inapandisha gia mapema, injini inazunguka taratibu, dizeli inaokolewa. Kwenye foleni ya Mwenge hadi Posta maana yake ni kwamba ekzosi haipati moto wa kutosha. Mfumo wa AdBlue unauhitaji moto huo, kwani chini ya nyuzi 180 hivi hauwezi kupulizia urea ipasavyo, na ikipuliziwa kwenye moshi wa baridi huacha chumvi nyeupe ngumu. Chujio nalo linataka karibu nyuzi 600 ili liunguze masizi yake. Ndiyo maana gari la mjini tu linaleta taa kuliko la mtu wa Morogoro.

Kwa hiyo mara moja moja litoe barabara kuu. Likishapata moto, sukuma lever upande wa S, shusha gia moja au mbili, mshale wa mizunguko ya injini (rpm) ukae 2,000 hadi 2,500 kwa muda wa dakika ishirini. Gia haiumii, ndiyo kazi yake. Na ukifika nyumbani ukakuta sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) imepanda kidogo na feni inavuma kwa nguvu, usizime; huenda linaunguza masizi. Liache limalize.

Wakati wa kujaza, zima injini. Mdomo wa tangi unaweza kuwa kando ya ule wa dizeli, kwenye buti au chini ya boneti, kutegemea gari. Kifuniko ni cha buluu. Mimina kwa faneli safi isiyowahi kugusa mafuta, weka lita tano au zaidi ili kihisi kitambue, kisha washa swichi bila kupiga stata usubiri nusu dakika. Ikimwagika kwenye rangi, suuza kwa maji mengi.

Ukikosea tangi, yaani AdBlue ikaingia kwenye dizeli, usiguse hata swichi. Kwenye magari mengi pampu ya mafuta huanza kusukuma mara tu ukiiwasha, na hapo itapeleka urea mpaka kwenye nozeli za injini. Weka gia N, lisukumwe pembeni, na tangi linyonywe lote kabla ya jambo lingine lolote. Baadhi ya otomatiki hazitoki P bila swichi. Kwa hizo kuna kitufe kidogo chenye maandishi Shift Lock karibu na lever, kibonyeze kwa ufunguo huku umekanyaga breki.