Si kila aliyepooza kapigwa kiharusi

Mtaani mtu akiamka miguu haimtii, majirani wana jibu tayari: kapigwa kiharusi. Juzi nimelisikia tena, safari hii akisemwa kijana mwenye uvimbe wa tezi shingoni.

Kumbe upo kupooza kwingine, kwa vipindi, kunakoletwa na tezi hiyo ya shingoni, thairoidi. Ni hivi: tezi ikimwaga homoni kupita kiasi, pampu za seli za misuli huchachamaa, zikaifyonza potasiamu, madini yaliyomo kwenye damu, na kuiingiza ndani. Msuli hauitikii tena amri ya neva. Baada ya saa kadhaa, pengine siku moja au mbili, potasiamu inarudi na mtu anasimama.

Shida iko kwenye neno. Pooza ni neno pana. Hata tunda hupooza, likanyauka mtini kabla ya kuiva. Neno hilo linataja hali tu, halimtaji aliyeileta. Kiharusi kina mwenyewe: mshipa wa damu wa ubongo umeziba au umepasuka. Ndiyo maana mara nyingi hukamata upande mmoja, mdomo ukapinda, ulimi ukawa mzito. Huyu wa thairoidi hulegea miguu yote miwili, mapaja kwanza. Anaongea vizuri, na ukimfinya anakuambia acha. Kacheza mpira jioni, kala sahani mbili za wali, kalala. Saa kumi alfajiri anataka kwenda msalani, mapaja hayanyanyuki. Wali ule umeamsha insulini, homoni ya kushusha sukari, na insulini inazichochea pampu zilezile. Ajabu ni kwamba thairoidi ya namna hii huwapata zaidi wanawake, lakini kupooza huku huwaangukia zaidi wanaume wa miaka 20 hadi 40, hasa wenye asili ya Asia ya Mashariki.

Wala usikuchanganye na ule udhaifu wa misuli unaokuja polepole, wiki baada ya wiki, mpaka mtu anajishika magoti ili ainuke kwenye kigoda. Nao huletwa na thairoidi, lakini huko si kupooza.

Aliyelegea ghafla akimbizwe hospitali, liwe jina lolote. Ila ndugu yangu unayesema "kaishiwa potasiamu", haijaisha, imejificha ndani ya seli. Daktari humwongezea kwa tahadhari kwa sababu ile iliyojificha ikitoka pia, inazidi kwenye damu na kuvuruga mapigo ya moyo. Sema imehama.