Harry Kewell na maumivu ya kinena: jeraha ambalo jukwaa halilioni

Mei 25, 2005, jijini Istanbul. Fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya imefika dakika ya 23 tu, Liverpool wako nyuma kwa bao moja dhidi ya Milan, na winga wao Mwaustralia, Harry Kewell, anatolewa. Hakuna aliyemkwatua, wala damu haionekani. Vladimir Smicer anaingia, na baadhi ya mashabiki wa Liverpool wenyewe wanamzomea mchezaji wao.

Sisi tunaotibu wanamichezo huitazama picha ile kwa jicho jingine. Kewell alikuwa ameumia misuli ya kinena. Mtu akivunjika mguu, hata aliyekaa safu ya mwisho anajua kuna tatizo. Kinena kikichanika, anayejua ni mwenye mwili peke yake, na ndiyo maana wachezaji wenye jeraha hili hubandikwa majina: mvivu, legelege, anachagua mechi. Majina hayo yalimwandama Kewell miaka mingi, na kwa maoni yangu hakuyastahili.

Alizaliwa Sydney mwaka 1978, akaenda Leeds United akiwa kijana mdogo, na kufikia 1996 alikuwa ameshachezeshwa timu ya kwanza akiwa na miaka 17. Mwaka 2000 wachezaji wenzake nchini Uingereza walimchagua kuwa mchezaji bora chipukizi. Mguu wake ulikuwa wa kushoto, akicheza kiungo wa pembeni au nyuma ya mshambuliaji, na msimu wa 2000/01 alikuwemo katika kikosi cha Leeds kilichofika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Liverpool walimchukua mwaka 2003 kwa pauni milioni 5, bei ambayo kwa kipaji kile ilikuwa ya kutupa. Alikaa pale miaka mitano, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliimaliza kwenye vyumba vya matibabu.

Uchezaji wake ulichangia. Misuli ya paja la ndani huanzia kwenye mfupa wa kinena, jirani kabisa na pale misuli ya tumbo inapojishika, kisha hushuka hadi kwenye mfupa wa paja. Kazi yake ni kulivuta paja lirudi katikati. Mchezaji anapojiandaa kupiga krosi, mguu huenda nyuma na kutanuka nje, msuli unavutika, na papo hapo unatakiwa ukaze ili mguu urudi mbele kwa kasi. Hapo ndipo unapochanika. Fanya hivyo kila siku, ongeza mbio za ghafla na kugeuka kwa chenga, utaelewa kwa nini mawinga na viungo washambuliaji hutujia zaidi kuliko walinda mlango.

Huku kwetu maumivu ya eneo hilo hupewa jibu moja tu: ngiri. Mchezaji wa ndondo anapewa mizizi achemshe, Jumamosi anarudi uwanjani, Jumapili hawezi kushuka kitandani. Mwaka 2014 wataalamu walikutana Doha wakakubaliana kugawa maumivu haya kulingana na chanzo: misuli ya paja la ndani, msuli unaokunja nyonga, mfereji wa kinena (njia ya chini ya tumbo ambako ngiri hutokea), au mfupa wa kinena wenyewe. Kiungo cha nyonga nacho huangaliwa kivyake. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyanzo viwili kwa pamoja, hivyo atakayekutibu bila kukushika na kukupima anabahatisha.

Kipo kipimo ambacho hata kocha wa mtaani anaweza kukifanya. Mlaze mchezaji chali, miguu imenyooka. Weka mkono wako kati ya vifundo vyake, mwambie aubane kwa nguvu zake zote kwa sekunde tano, kisha aseme maumivu ya kinena ni mangapi kati ya 0 na 10. Akisema 0 hadi 2, acheze. 3 hadi 5, mpunguzie mazoezi na umfuatilie. 6 na kuendelea, mpumzishe, akaonane na mtaalamu wa fiziotherapia. Usimpe diklofenaki ili amalize mechi. Dawa hiyo hunyamazisha maumivu, msuli unaendelea kuchanika.

Mei 13, 2006, katika fainali ya Kombe la FA, Kewell aliumia tena na kutolewa mapema kipindi cha pili. Hata mwezi haukupita, Juni 12 alianza dhidi ya Japani kwenye Kombe la Dunia Ujerumani. Juni 22 huko Stuttgart alisawazisha dhidi ya Croatia, 2-2, na Australia ikaingia hatua ya 16 bora kwa mara ya kwanza. Lakini dhidi ya Italia hakucheza. Mguu ulivimba, kwanza ikasemekana ni gauti (jongo), baadaye ikaelezwa kuwa ni maambukizi ndani ya kiungo.

Hapa naomba wazazi na makocha mnisikilize. Kiungo kilichovimba, chenye joto na kinachouma hata bila kukanyagia, hasa kikiambatana na homa, ni cha kupeleka hospitali siku hiyo hiyo. Usikichue kwa maji ya moto. Bakteria wanaweza kuharibu gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, ndani ya siku chache tu.

Msimu uliofuata karibu wote ulimpita. Alirudi Mei 2007, akaingizwa kipindi cha pili cha fainali ya Ligi ya Mabingwa huko Athens waliyofungwa na Milan. Baadaye alikwenda Galatasaray, na alistaafu mwaka 2014 akiwa nyumbani Australia.

Siku hizi tunalo zoezi ambalo, katika utafiti uliofanywa Norway kwa wanasoka wa kiume, lilipunguza matatizo ya kinena kwa asilimia 41. Mchezaji analala ubavu akiegemea kiwiko, mwenzake anaushika mguu wa juu kwenye goti na kifundo. Anajinyanyua hadi mwili unyooke, mguu wa chini unapanda kuufuata wa juu, kisha anashuka polepole. Anayeanza ashikwe kwenye goti pekee. Lifanyeni pande zote mbili, mara tatu kwa wiki kabla ya msimu, na mara moja kwa wiki ligi ikishaanza.